Nchi ya Jozi na Neno Lisilo na Mwenzake

Aliyekaa na akae vizuri, na aliyesimama atafute kigoda, maana habari za nchi ya Jozi hazisimuliwi kwa mguu mmoja.

Bi Sikudhani wa Pangani alifika huko na kanga zake mbili, tasbihi, na mwavuli mweusi wenye kishikio kilichopinda. Alifikaje? Tukianza na hayo jua litatuchwea. Alifika, akajikuta mbele ya lango kubwa lililozibwa kwa boriti, na chini ya boriti amesimama bawabu mwenye masharubu marefu yaliyopimwa yakalingana.

"Karibu unayeingia, kwaheri uliyetoka," akasema bawabu. Kisha akamtazama nyuma, kushoto na kulia. "Mwenzako yuko wapi?"

"Sina mwenzangu, mwanangu. Mume wangu ametangulia mbele ya haki. Mimi ni mjane."

Bawabu akaona haya kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba katika Jozi hakuna kitu kinachopita peke yake, awe mtu, awe mbuzi, liwe neno. Akafikiri. Akautazama mwavuli. Uso ukamng'aa, akachovya brashi katika wino na kuandika: *Bi Sikudhani na Mwavuli Wake.* Boriti ikainuliwa.

Bi Sikudhani akajisemea moyoni, "Haya. Marehemu Mzee Kitwana, leo umepata mrithi wa kitambaa."

Usicheke bado. Ndani ya mji mambo yalikuwa hayo hayo. Barabara zilikwenda mbili mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, hata ile ya makaburini. Darasani walimu walisimama wawili, mmoja wa kusifu na mmoja wa kukemea, na akisifiwa mtoto huyu lazima akemewe yule, ili hesabu ikae sawa. Ushuru wa mchele ukishuka asubuhi, ule wa chumvi hupanda kabla ya adhuhuri. Na mtu akizungumza, haachi sentensi moja ikae mjane. Bi Sikudhani aliligundua hilo sokoni, kwenye banda la Mzee Lopei, muuza uji wa mchele.

"Kaa hapa, usikae pale," akasema Mzee Lopei akimpangusia benchi. "Uji ni wa moto, maji ni ya baridi."

"Ahsante sana. Basi nipe na hayo maji, kaka yangu, nina kiu."

"Maji hakuna, Bi. Nilikuwa nakamilisha maneno tu."

Bi Sikudhani akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. Mzee Lopei naye akacheka, huku akimzuia kwa mguu mjukuu wake Suyin asiivamie sufuria. Suyin ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na alikuwa mtoto pekee wa binti pekee wa mzee huyo, naye binti mwenyewe amekwisha kufariki. Babu na mjukuu, basi. Nyumba nzima ndiyo hiyo.

Walipoelewana, mzee akamweleza asili ya mambo. Zamani za kale palikuwa na mfalme aliyechanganyikiwa: leo anasamehe wote, kesho anafunga wote. Mshauri wa Kwanza akamwandikia insha ya kumwonya, nayo ilikuwa nzuri ajabu. Sentensi zake zilitembea mbili mbili kama maksai katika nira: mfalme ana mikono miwili, kwa mmoja hutoa, kwa wa pili huzuia, watu ni shamba, sheria ni ua, na kadhalika, na kadhalika. Mfalme aliipenda kupita kiasi, akaamuru ichongwe kwenye ukuta wa baraza lake, akaifanya sheria. Lakini hakuishia kwenye maana. Namna ya kusema nayo akaifanya sheria. Kizazi baada ya kizazi, kile walichoambiwa wakakisahau kidogo kidogo, bali jinsi walivyoambiwa wakaishika kwa meno.

"Na mkono wa kutoa na mkono wa kuzuia?" akauliza Bi Sikudhani.

Mzee Lopei akatazama huku na huku. "Kila thawabu ina adhabu yake, kila adhabu ina thawabu yake. Siku moja, uzito mmoja. Kwa hiyo, Bi, ukitaka kutenda wema hapa, tenda kwa siri. Ukionekana, utatuzwa. Na ukituzwa, kuna mtu ataumia."

Sasa Bi Sikudhani akafahamu mambo aliyoyaona njiani asiyaelewe. Alimwona kijana akimvusha kipofu barabara kisha akatimua mbio kama kaiba kuku. Alimwona mama akitua kifurushi cha mchele mlangoni kwa jirani, akigonga, kisha akijificha nyuma ya pipa. Watu wa Jozi walitenda wema kama watu wa kwingine wanavyotenda wizi, na walikuwa hodari wa kutoonekana.

"Nipe na kikombe cha pili," akasema, maana uji ulikuwa mtamu.

Mzee Lopei akageuka kuchota. Ni mgeuko huo mmoja tu. Suyin akamponyoka, akafika ukingo wa mfereji unaopita katikati ya soko, akainama kumtazama mtoto mwenzake ndani ya maji, chubwi!

Soko lote likageuka. Wengine walikwisha kuinama, wakakumbuka, wakatafuta kwanza pa kujificha. Bi Sikudhani hakutafuta. Aliruka benchi na umri wake wote, akatupa mwavuli majini akiushika kwa ncha, akamnasa mtoto gauni kwa kile kishikio kilichopinda, akamvuta juu. Suyin akatapika maji, akapiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia mtamu kama huo.

"Alhamdulillahi!" akapaza sauti Bi Sikudhani. "Mtoto mzima!"

Hakuna aliyeitikia. Watu wote walikuwa wamewapa mgongo, wanatazama mawingu, wanatazama mboga, kila mmoja akisema kwa nguvu, "Sikuona kitu, wala sikusikia kitu." Walitaka kumficha. Lakini ng'ambo ya mfereji alikuwa amesimama mtu mmoja mwenye joho jeusi upande wa kushoto na jeupe upande wa kulia. Huyo ndiye Kaoshi, Waziri wa Mikono Miwili, na macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Nimeona!" akasema kwa furaha. "Na nitaonyesha!"

Mzee Lopei akamkumbatia Suyin, akakaa chini palepale kwenye matope.

*

Baraza la Mfalme lilikuwa ua mpana, na ule ukuta wa insha ulisimama nyuma ya kiti, umejaa maandishi kwa mistari ya jozi. Mlangoni walijipanga watu wenye vikapu vitupu. Bi Sikudhani akamuuliza mwanamke mmoja mnene wanangoja nini.

"Sisi ni Wangoja-heri," akajibu yule mama bila aibu. "Akiadhibiwa mtu, lazima mwingine atuzwe. Basi sisi tuko karibu." Akamtazama juu mpaka chini. "Ah, ndiwe wa mfereji! Leo thawabu ina mwenyewe. Siku yetu imeliwa, dada, imeliwa."

Akatokea mzee mwembamba, vidole vimejaa wino, akamsalimu kwa kuinama mara mbili. Aliitwa Wenlu, naye alikuwa mkuu wa Wizara ya Mguu wa Pili. Akamwonyesha chini kabisa ya ukuta. Pale, baada ya mistari yote iliyotembea na wenzake, palikuwa na mstari mmoja peke yake, na pembeni yake jiwe tupu.

*Mvua hunyesha.*

"Mshauri wa Kwanza alikufa kabla hajamaliza," akasema Wenlu. "Wizara yangu inamtafutia mstari huu mguu wa pili. Babu yangu alitafuta, baba yangu alitafuta. Kila mwaka tunafanya mtihani, na vijana wanapata vyeo. Tumejaribu *jua huchoma*. Mvua ikakataa. Tumejaribu *mto hujaa*. Ikaonekana ni mvua ile ile. Wageni tunawauliza wote, hatumwachi mmoja. Wewe ungesemaje, Bi Sikudhani na Mwavuli?"

Bi Sikudhani akafikiri kwa haki. "Mvua hunyesha, anua nguo."

Wenlu akaliandika taratibu, bila kucheka.

Ngoma ikalia, Mfalme akaingia. Alikuwa kijana mwenye uso mpole na macho ya mtu anayesomewa vitu virefu kila siku. Kaoshi akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Wafalme wa kale hawakulala bila mito miwili, wafalme wa leo watalalaje kwa mmoja? Thawabu ni kiganja, adhabu ni mgongo wa mkono. Mkono usio na mgongo ulionekana wapi? Sheria ikiwa na mguu mmoja, itaruka. Ikiruka, itachoka. Ikichoka, italala. Na sheria ikilala, mwizi ataamka! Kwa hiyo: mgeni aliyemtoa mtoto majini apewe joho la hariri na nyumba mjini, mzee aliyegeuka akamwacha atolewe joho na nyumba, atoke mjini."

Watu wakaguna kwa kuridhika, maana maneno yalikuwa yamekaa vizuri. Hata Mzee Lopei, aliyepigishwa magoti pembeni, aliitikia kwa kichwa kwa mazoea kabla ya kukumbuka kuwa yanayosemwa ni yake.

"Na mtoto?" akauliza Bi Sikudhani.

"Mtoto amebaki, babu ameondoka," akasema Kaoshi. "Imetulia kabisa."

Suyin alikuwa ameshika sikio la babu yake, analivuta, anacheka.

"Basi mimi hilo joho silitaki," akasema Bi Sikudhani. "Na nyumba ninayo Pangani."

Mlangoni vikapu vikachezacheza. "Kataa, dada! Kataa!" akapiga kelele yule mama mnene. "Mwenye kukataa zawadi ya Mfalme huadhibiwa, na thawabu yake inatujia sisi! Mwenyezi Mungu akuzidishie ukaidi!"

"Ni kweli," akasema Kaoshi. "Akikataa, ataadhibiwa kwa kukataa, na mmoja wa hawa atatuzwa. Na mzee atatoka vilevile, maana kosa lake lina uzito wake, na joho lililokataliwa litampata mwingine wa hawa."

Bi Sikudhani akaona kwamba amefungwa mbele na nyuma. Akaishika tasbihi. "Mfalme wangu, naomba niseme."

"Sema," akasema Mfalme, akainuka kidogo kitini. "Lakini lazima uanze na wafalme wa kale. Ni desturi."

"Wafalme wa kale sikuwahi kuwaona," akasema Bi Sikudhani, "nao hawakuwahi kuniona."

Baraza likalipuka kwa shangwe. Waandishi wakaandika. Hata Kaoshi alipiga makofi, akajizuia baadaye.

"Sasa lazima pawe na mfano wa mnyama," akanong'ona Wenlu.

"Nina kuku nyumbani. Nikimtupia huyu mtama, simnyonyoi yule."

"Na wakikosa hofu?" akadakia Kaoshi. "Kuku asiye na hofu hatii; mfugaji asiye na fimbo hali mayai."

"Wanayo hofu, bwana. Wanamwogopa kicheche. Sasa wakinichanganya mimi na kicheche, nani atatagia bandani kwangu? Hapa mjini kwenu nimemwona mtu anatenda wema kisha anakimbia. Huyo ni kuku anayetaga porini, Mfalme wangu. Mayai yapo, ila hamyaoni."

Watu wakatazama chini. Kila mmoja alikuwa na yai lake porini.

Kaoshi hakuwa mtu mbaya, ila aliamini alichojifunza. Akasema kwa upole kabisa, "Bi Sikudhani, mfano wako ni mzuri. Lakini neno lisilo na mwenzake ni kilema. Ukimtuza mtu bila kumwadhibu mwingine, umeacha sentensi inachechemea mbele ya watu. Wewe mwenyewe umeingizwa hapa kwa mwavuli. Hakuna kitu duniani wala mbinguni kinachosimama peke yake."

"Astaghfirullah!" Bi Sikudhani akamkatiza mpaka akajishtua mwenyewe. "Hapo nisamehe, baba, siwezi kunyamaza. La duniani nitakuachia. La mbinguni umekosea. Yupo Mmoja, hana mwenzake, na wala hachechemei."

Waandishi wakainua brashi kutoka karatasini.

"Sikilizeni," akaendelea, sasa sauti imeshuka. "Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi, insha sijui. Lakini ninaswali. Kila siku, kabla sijaenda kulala, naswali rakaa mbili, naswali mbili, kama hivyo mnavyotembea ninyi. Halafu mwisho wa yote naswali moja. Inaitwa witiri."

"Moja peke yake?" Ni Wenlu aliyeuliza. Brashi ilikuwa imesimama hewani.

"Moja peke yake."

"Na ya pili yake unaiswali lini? Kesho?"

"Haina ya pili, kaka. Hiyo ndiyo inayofunga zote. Hizo mbili mbili zilikuwa zinaielekea yenyewe. Nami tangu Mzee Kitwana alipofariki, nikifika kwenye ile moja ndipo ninapopata nafuu. Hapo simtafuti mtu pembeni yangu."

Wenlu akageuka polepole kuelekea ukutani. Alisoma kutoka juu, midomo inatembea, mistari miwili, mistari miwili, mistari miwili, mpaka chini. Akafika kwenye jiwe tupu. Akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa.

"Hakufa kabla ya kumaliza," akasema. "Alikuwa amemaliza."

"Unasema nini wewe?" akauliza Kaoshi.

"Nasema maisha yangu yote nimemchongea mkongojo mtu asiye kilema!" Na Wenlu akaanza kucheka, cheko la mzee, la kikohozi na machozi, mpaka waandishi wakamshika wasije wakampoteza. "Anatuambia mikono miwili, kurasa na kurasa, mikono miwili, kwa sababu mfalme yule alikuwa mwehu, alihitaji kupangiwa. Kisha mwishoni anamwambia: *Mvua hunyesha.* Basi! Inanyesha! Haiendi kumkausha mtu huku ili imloweshe mwingine kule!"

Kaoshi akakitazama kiganja chake, kisha mgongo wa mkono, akaurudisha mkono ndani ya joho.

Mfalme akasimama. Mwandishi Mkuu akachovya brashi.

"Bi Sikudhani amemwokoa mtoto," akasema Mfalme. "Apewe joho."

Mwandishi akaandika, akangoja. Baraza zima likanyoosha shingo. Wangoja-heri wakainua vikapu. Mzee Lopei akafumba macho.

"Endelea, Mtukufu," akanong'ona Kaoshi.

"Nimemaliza," akasema Mfalme, akaketi.

Sijui nikueleze vipi ukimya ule. Watu wa Jozi walikuwa hawajawahi kusikia sentensi ikikoma mahali pale. Walikaa wameegemea mbele kama watu walio ngazini wanaotafuta kidato kisichokuwepo. Wa kwanza kupumua alikuwa Suyin, aliyepiga chafya. Kisha Mzee Lopei akafumbua jicho moja.

"Mimi je?" akauliza.

"Nenda kauze uji," akasema Mfalme. Halafu, kwa sababu mazoea ni mazoea, akaongeza, "Na mtazame mtoto."

*

Jioni ile banda la uji lilijaa mpaka barabarani. Joho la hariri alifunikwa Suyin, akalala ndani yake kama mdudu kwenye ua. Wenlu alikuja na wizara yake nzima, watu wasio na kazi tena, wamechangamka kama wanafunzi walioachiwa mapema. Yule mama mnene alikuja na kikapu chake kitupu, akilalamika kwamba amekibeba bure, na Bi Sikudhani akamjazia bakuli la kwanza.

"Kwa nini unanipa?" akauliza mama. "Nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu. Kula."

Akala, lakini alikuwa akitupa macho pembeni, aone ni nani anayenyang'anywa bakuli lake. Hakuna aliyenyang'anywa. Akaomba la pili.

Asubuhi, Bi Sikudhani alipokuwa akilikata soko kuelekea langoni, gunia la mchuuzi mmoja lilipasuka, dengu zikamwagika. Mtu mmoja akainama kuzizoa. Katikati ya kuzoa akainua kichwa, akaona watu wanamtazama, akashtuka, mguu mmoja tayari umejiandaa kukimbia. Watu waliendelea kumtazama. Mtu yule akameza mate, akashusha mguu, akazoa dengu zilizobaki.

Mzee Lopei alimsindikiza, Suyin mgongoni. Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Bi Sikudhani akamkabidhi mwavuli.

"Huyu mtoto anapenda mifereji," akasema. "Hiki kishikio kinamjua."

"Bi, utaloa njiani, na..." Mzee Lopei akatafuta mguu wa pili, akauacha. "Utaloa njiani."

"Nitakauka, kaka yangu."

Bawabu alikuwa palepale, masharubu sawasawa. Akafunua daftari lake, akatafuta jina, akatazama nyuma yake, kushoto na kulia.

"Bi Sikudhani na Mwavuli Wake," akasoma. "Mwavuli uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Basi unatoka na nani?"

"Natoka."

Bawabu akangoja neno linalofuata. Bi Sikudhani akamtazama kwa utulivu, tasbihi mkononi, hana haraka. Habari za barazani zilikuwa zimemfikia bawabu usiku, hakuziamini. Akavuta sharubu la kulia. Hakuvuta la kushoto. Kisha akaishika boriti kwa mikono yote miwili, akaiinua.

Mvua ikanyesha.